Sehemu ya 7: Friji la Mama, Kisarawe

Nimetoka zamu, mtoto kalala, chai iko mezani. Leo sina somo la kunyonyesha wala la uji. Leo ni friji. Na humo ndani ya friji kuna aibu yangu, nitaisema.

Mama yangu anaishi Kisarawe. Ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Mimi nipo Kibaha, kwa hiyo sukari yake naisimamia kwa simu. "Mama, umepima? Ngapi?" Muda mrefu ilikuwa 8, 9, siku mbaya 11. Halafu ikaanza kupanda. 15. 18. Jioni moja akaniambia 21.

Unajua nilimjibu nini? "Mama, unakula nini huko?"

Akasema anakula kama siku zote. Sikumwamini. Nikaanza kumtajia mihogo, chai ya sukari, mandazi ya jirani. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya mwanangu, nimesikia," akakata simu. Mimi huyu huyu, ambaye wodini nawaambia wanafunzi wasimhukumu mgonjwa kabla hawajamsikiliza!

Jumamosi nilikuwa ofu. Nikabeba mtoto mgongoni, gari mpaka Mbezi, nikaunganisha kwenda Pugu, nikapanda mpaka Kisarawe. Nilikwenda kukagua sufuria, nisikudanganye. Kwenye sufuria sikukuta kosa. Nilipofungua friji nichukue maji ya kunywa, maji yakawa ya uvuguvugu.

"Mama, insulini iko wapi?"

"Nimeipandisha juu, kwenye barafu. Huku chini baridi imekata wiki ya tatu sasa. Si ulisema isikae kwenye joto?"

Jamani, miguu iliniisha nguvu. Ni kweli nilisema. Nusu ya pili ndiyo sikuisema: isikae kwenye joto, na ISIGANDE. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 mpaka 8. Ikiganda hata mara moja, hata ukiiyeyusha ikaonekana nzima, usiitumie tena. Ile ya mama ni ya rangi ya maziwa. Nilipoizungusha taratibu viganjani haikuchanganyika, vipunje vikabaki vimeng'ang'ania kwenye kichupa. Mama wa watu alikuwa anajichoma kila siku kwa dawa iliyokwisha nguvu, halafu mimi namgombeza kwa mihogo.

Tukaenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, akapimwa, akapewa kichupa kipya. Sasa sikia jambo linaloninyima usingizi mpaka leo. Nilikuwa nimeshapanga kumwombea aongezewe dozi. Angeongezewa, halafu akafungua kichupa kipya chenye nguvu zake zote, sukari ingeshuka ghafla, na usiku yuko peke yake ndani. Ndiyo maana nakwambia: sukari ikipanda bila sababu, kabla ya kulaumu sahani, uliza dawa inalala wapi. Na usibadilishe dozi mwenyewe.

Haya, tuje kwenye friji lenyewe. Nililichukulia kama mgonjwa: historia kwanza, kisha kumkagua, ndipo tiba.

Taa inawaka? Inawaka, basi umeme unafika. Kitufe cha ubaridi kimeguswa? Hapana. Kompresa, lile dude jeusi la nyuma chini, linaunguruma? Linaunguruma. Mpira wa mlango unabana? Nikafungia noti ya elfu moja mlangoni nikaivuta, ikakaza. Ingetoka kirahisi, mpira ungekuwa umechoka. Nyuma kuna vumbi na limegusa ukuta? Kidogo, nikafuta, nikalisogeza lipate hewa. Hiyo kazi ya nyuma ifanye plagi ikiwa imechomolewa.

Dalili kubwa ilikuwa hii: juu kunaganda, chini kuna joto. Friji la mama ni la milango miwili, lile ambalo baridi inatengenezwa juu halafu feni inaisukuma kushuka chini kupitia matundu. Kama juu kunaganda vizuri, usikimbilie kusema gesi imeisha. Baridi ipo, njia ndiyo imeziba. Ama umejaza vitu mpaka vikafunika matundu, ama feni imekufa, ama barafu imejaa nyuma ya ule ukuta wa plastiki.

Nikachomoa plagi, nikatoa kila kitu, nikaacha milango wazi mpaka kesho yake, matambara chini. Maji yaliyotoka yalijaza beseni. Tulipowasha, baada ya saa kadhaa chini kukawa baridi. Mama akapiga vigelegele, nikarudi Kibaha nikijiona fundi.

Siku ya tisa akapiga simu: "Limerudia." Ugonjwa unaorudi baada ya nafuu maana yake chanzo hukukigusa. Tukamwita fundi. Akapima, akakuta hita ndogo inayoyeyusha barafu imeungua. Mafriji ya aina hii hujiyeyusha yenyewe kila baada ya muda. Hita ikifa, barafu inajijenga kidogo kidogo mpaka inaziba feni. Akabadilisha hita, hakugusa gesi. Fundi akikwambia "tuongeze gesi" kabla hajapima chochote, muulize gesi imepita wapi. Gesi ya friji haiishi kama ya jikoni, ikipungua kuna tundu. Akiongeza bila kuziba tundu, amekupa panadoli tu.

Na tafadhali, barafu usiikwangue kwa kisu. Ukitoboa bomba ndani ya friza, hapo ndipo gesi inatoka kweli. Umeme ukikatika ukarudi, lipe friji dakika chache kabla ya kuwasha, kompresa ipumzike. Friji gadi inakusaidia kazi hiyo.

Wewe mwenye mtoto mchanga usiseme hili ni la wazee. Maziwa uliyokamua yanakaa kwenye friji mpaka siku 4, kama friji linapoa kweli. Nje ni saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na kwa joto letu la Pwani hesabu pungufu. Dawa ya maji ya antibiotiki iliyochanganywa nayo nyingi hutaka baridi, soma chupa. Umeme ukikatika, mlango uliofungwa hushikilia baridi kama saa 4, basi usifungue fungue.

Kazini friji la chanjo lina kipimajoto, tunaandika nyuzi asubuhi na jioni, sikukuu hadi sikukuu. Ile chanjo ya pentavalenti anayochomwa mwanao wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ikiganda hatuichomi. Haya yote nayajua kwa moyo, lakini nyumbani kwa mama yangu sikuwahi kuweka kipimajoto. Sasa kipo. Asubuhi ananitumia namba mbili, ya sukari na ya friji. Leo ilikuwa 9 na 5.

Nilimwomba radhi siku ile ile, nimekaa kwenye mkeka, yeye anambembeleza mjukuu. Akacheka, akasema, "Mihogo yenyewe mwaka huu haikuzaa vizuri, ningeila wapi?"

Kaangalie friji lako usiku huu. Kisha mpigie mama yako, umuulize dawa zake zinalala wapi. Muulize kwa upole.