Kibla Kitandani



Mama yangu alipopata kiharusi mwaka jana, upande wake wa kulia ulipooza. Yule aliyekuwa akiiamsha nyumba nzima kwa Alfajiri, sasa hata kugeuka ubavu mpaka ashikwe. Lakini kilichonitisha zaidi ni kuwa aliacha kuswali. Kila nikimkumbusha hunijibu, "Udhu siwezi, kusimama siwezi, na kitanda kimeipa kibla mgongo. Swala gani hiyo, mwanangu?" Chumba chenyewe chembamba, kitanda hakigeuki.

Nikamsomea hukumu za swala ya mgonjwa. Akanyamaza. Alizijua tangu chuoni, tena yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Tatizo lake lilikuwa haya: aliona aibu kusimama mbele ya Mola wake hali amelala.

Jioni moja, nikimkanda mguu, nikamhadithia Sheikh Muszaphar Shukor, daktari wa mifupa wa Malaysia. Tarehe 10 Oktoba 2007, katika kumi la mwisho la Ramadhani, alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, ndani ya chombo cha Soyuz, pamoja na Peggy Whitson wa Marekani na Yuri Malenchenko wa Urusi. Walikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kiasi cha kilomita 400 juu yetu. Kituo hicho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo walioko humo huliona jua likichomoza mara 16 kwa siku.

"Basi huswali mara themanini?" Mama akauliza. Tukacheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Nikamwambia la, wanazuoni wa Malaysia walitoa mwongozo. Swala ni zile zile tano kwa saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali aliporushwa. Kibla, akiweza aelekee Kaaba. Asipoweza, aelekee usawa wa juu yake. Asipoweza, aelekee dunia. Asipoweza, popote. Kusimama kukimshinda akae, kukaa kukimshinda alale, hata kuashiria kwa kope, hata kuipitisha swala moyoni. Maji yakikosekana, atayamamu.

Mama akakaa kimya kidogo.

"Na huyo ni mzima wa afya?"

"Mzima, Mama. Daktari."

"Na hakuambiwa asubiri mpaka arudi chini?"

"Hakuambiwa."

Hakusema tena. Ilipoadhiniwa Magharibi akaniambia, "Niletee mchanga safi." Nikamshika mkono uliolegea, nikamsaidia kutayamamu, kisha nikatandika msala wangu pembeni ya kitanda. Niliposujudu, yeye alifumba macho. Niliswali nikilia.

Mama bado hajatembea. Lakini sasa yeye ndiye anayeniita jikoni, "We, hujasikia adhana?"

Dada yangu unayeuguza, usidhani mgonjwa wako ameacha swala kwa ukaidi. Huenda anadhani hafai tena. Muulize taratibu kinachomzuia, kisha mwulize mwanachuoni unayemwamini namna ya kumrahisishia. Aliyempokea mja wake asiyejua juu wala chini hatamkataa aliyelala kitandani.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe subira ya kuwahudumia. Aamin.