MC WA SUMBAWANGA NA MPIRA WA PUANI: MKE KARUDI CHUMBANI!

Sumbawanga nzima inamjua, jina kapuni. Harusi gani ya mjini au Laela imepita bila yeye kushika maiki? Jukwaani ni moto wa kuotea mbali. Ila nyumbani, ikifika saa sita usiku, stori ilikuwa nyingine kabisa.

Jamaa alikuwa anakoroma hadi jirani anagonga ukuta. Na kelele ilikuwa afadhali kuliko ule ukimya. Anakoroma, ghafla kimya, sekunde kumi, ishirini, halafu anashtuka anahema kama mtu aliyekabwa shingo. Mkewe alikuwa anakaa macho kumhesabia pumzi. Mwisho akachoka, akahamia chumba cha watoto. Mji mdogo bwana, wiki haikuisha watu wakasema ndoa imevunjika.

Wengine wakaja na jibu la siku zote. Si jina Sumbawanga lenyewe watu husema maana yake ni "tupa uchawi"? Basi anakabwa usiku, kuna mtu anamwonea wivu kwa tenda za harusi. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa, akarudi, akakoroma vilevile.

Kilichomshtua ni barabara. Anatoka Tunduma kwenye sherehe, asubuhi kweupe, akasinzia kwenye usukani. Gari likaacha lami, likaenda kusimama kwenye shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia, ila nyuma walikuwepo watoto wake wawili.

Hapo ndipo akaenda hospitali, Mbeya kwanza, kisha Dar. Akalazwa usiku mmoja na nyaya kifuani na kidoleni. Ugonjwa unaitwa apnea ya usingizini: ukilala koo linalegea, njia ya hewa inajifunga, ubongo unakuamsha ili usife. Wanahesabu pumzi imekatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kuanzia 5 tayari ni tatizo, 30 kwenda juu ni kali. Yeye alikuwa na 41! Ukiuacha, presha na moyo vinaingia hatarini.

Akapewa mashine inayosukuma hewa puani ili koo libaki wazi. Kitu hicho alikianzisha daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi zipo ndogo za gramu 300 hivi, inaenea kiganjani. Bei sio mchezo, ila jamaa akajikamua.

Sasa kuivaa ndio shughuli. Wiki ya kwanza alikuwa anaivua saa nane usiku bila hata kujijua. Alikaza mikanda hadi pua ikatoka alama, MC na alama usoni wapi na wapi! Kumbe barakoa inatakiwa ikae tu, isibane. Akabadilisha akachukua ile ndogo ya kuziba matundu ya pua, maana ile kubwa ilikuwa inavujisha hewa kwenye ndevu. Jioni akawa anaivaa akiangalia mpira kwenye TV, ili mwili uzoee akiwa macho. Akawasha ile sehemu inayoanza na hewa kidogo, inaongezeka taratibu. Kila asubuhi anaiosha kwa sabuni laini.

Baridi ya Ufipa nayo haikumwacha. Mwezi wa saba hewa inapoa ndani ya mpira, matone ya maji yanamdondokea puani. Dawa yake rahisi: mpira unapita chini ya blanketi. Umeme ukikatika kuna betri pembeni.

Ila kizito kuliko vyote kilikuwa aibu. Alikuwa anaificha mashine kabatini, mkewe asimwone na "mkonga wa tembo". Mke ndiye aliyeifuata mwenyewe usiku mmoja, akamvalisha, akamrekebishia mkanda wa nyuma, akamwambia: "Baba, mimi sikukimbia kelele. Nilikimbia kukusikiliza ukifa."

Tangu siku hiyo wanalala chumba kimoja. Wanaosema ndoa imevunjika waendelee tu, wenyewe wamelala.

Na wewe unayecheka, yule anayelala pembeni yako anakoroma halafu ananyamaza? Usimrekodi umrushe status. Mpeleke akapime.