Namba 68 na mapafu ya baba mdogo



Najua nimepotea karibu wiki tatu. Tesiti zilitubana, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Leo nimekaa hapa kwenye kimbweta tangu saa kumi, desa liko pembeni halijafunguliwa, kwa sababu ya namba moja tu: 68.

Wengi wenu mmeshaiona. Inazunguka kwenye simu kila baada ya muda, leo kundi hili, mwezi ujao kundi lile: "Sigara za umeme zimeua watu 68 kwa ugonjwa wa mapafu." Haina tarehe wala nchi. Chini wanaweka picha ya mapafu meusi, ileile inayobandikwa kwenye mabango ya kupinga tumbaku. Ukisoma haraka unadhani imetokea juzi Sinza.

Sasa mimi si daktari. Nasoma takwimu, na kitu kimoja walimu wetu wametupigia kelele nacho tangu mwaka wa kwanza ni kwamba ukipewa namba, uliza imetoka wapi na imehesabu nini. Nikaenda kuitafuta.

Namba ni ya kweli. Hilo niliseme mapema kabla hamjaniona mbishi wa bure. Ni Marekani, mwaka 2019. Mwezi wa saba mwaka huo madaktari wa hospitali ya watoto kule Wisconsin walianza kupokea vijana wanaoshindwa kupumua, mapafu yamejaa kama ya mgonjwa wa nimonia, lakini vipimo vya vijidudu havionyeshi kitu. Jirani zao wa Illinois nao wakawa na wagonjwa wa namna hiyo hiyo. Mwezi wa nane mmoja wa Illinois akafariki. Hadi tarehe 18 Februari 2020, CDC, yaani kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Wengi wa wagonjwa walikuwa chini ya miaka 35. Watu wa rika letu kabisa.

Na wote walikuwa wamevuta kwa kifaa kile cha umeme, vepu. Basi magazeti yakaandika: vepu zinaua.

Hapo ndipo ninapogoma. Hivi vifaa havikuanza 2019. Mchina aliyevibuni, Hon Lik, alifanya hivyo mwaka 2003, na Marekani viliingia madukani miaka michache baadaye. Mamilioni ya watu wamevuta nikotini kwa kifaa hicho zaidi ya miaka 10. Halafu ghafla, katika miezi mitatu ya mwaka mmoja, katika nchi moja, watu wanaanza kudondoka, wagonjwa wanapanda hadi mwezi wa tisa, kisha wanashuka. Kitu cha zamani hakifanyi hivyo, jamani. Ukiona mchoro wa namna hiyo unajua kuna kitu kipya kimeingia sokoni. Uingereza, ambako mamilioni wanavuta vepu za nikotini na sheria hairuhusu vitamini kutiwa ndani ya majimaji yake, mlipuko kama ule haukutokea.

Kwa nini nataja vitamini? Ngojeni.

Wapimaji walipouliza wagonjwa walivuta nini hasa, kati ya 2,022 waliotoa maelezo, asilimia 82 walikiri kwamba katika kile kifaa walikuwa wakivuta THC, yaani kile kilevi cha kwenye bhangi, na wengi waliipata kwa washikaji au kwa wauzaji wa uchochoroni. Ni mafuta ya bhangi yaliyotiwa kwenye vikopo vidogo, katriji. Mafuta hayo ni mazito na ni ghali. Muuzaji wa kichochoroni anataka faida, anatafuta kitu cha kuongezea ambacho mteja hatakiona. Si mnawajua wauza maziwa wa maji? Sasa maji hapa hayafai, yatajitenga na mafuta. Wakagundua vitamini E asetati. Ina rangi karibu ileile, uzito uleule, haina harufu. Ukiipaka kwenye ngozi haina neno, imo kwenye mafuta ya kujipaka. Ukiimeza kama kidonge haina neno. Ukiichemsha ukaivuta hadi ndani ya mapafu, hayo ni mambo mengine kabisa.

Mwezi Novemba 2019 CDC walitangaza kwamba wamepima majimaji kutoka ndani ya mapafu ya wagonjwa 29 wa majimbo 10. Vitamini E asetati ilikutwa kwa wote 29. Mwezi uliofuata ukatoka utafiti mkubwa zaidi: wagonjwa 48 kati ya 51 walikuwa nayo, na katika watu 99 wazima waliopimwa ili kulinganisha hakukutwa hata mmoja. Soma tena hiyo: 48 kati ya 51 upande huu, sifuri kati ya 99 upande ule. Kwenye darasa letu tungepewa hiyo kama swali la mtihani tungemaliza dakika mbili tukaenda kula.

Lakini nani alisoma gazeti la Desemba? Watu walikuwa wamelisoma la Septemba. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshapewa jina, EVALI, ambalo herufi yake ya kwanza kabisa ni ya sigara ya kielektroniki. Jina limeshahukumu, ushahidi unakuja nyuma unahema.

Februari 2024 kule Kirinyaga, Kenya, watu 17 walikufa kwa pombe iliyochanganywa sumu. Hakuna gazeti nililoliona likiandika "Chupa zaua 17". Kila mtu aliuliza: ndani ya chupa kulikuwa na nini, na nani alitia?

Room mate wangu, ambaye ni mbishi kuliko mimi (na anadai eti Wahaya ndio wabishi!), alinipiga swali zuri. Na wale asilimia 14 waliosema walivuta nikotini peke yake? Ni swali la haki na sitalikwepa. Jibu langu la kwanza: mtoto wa miaka 17 amelazwa, mama yake kasimama pembeni, bhangi katika jimbo lake ni kosa la jinai, unamuuliza alivuta nini. Wewe ungejibuje? Jibu la pili: wapo waliovuta bila kujua ndani mna nini. Na jibu la tatu, ambalo nalisema bila kunung'unika, ni kwamba CDC wenyewe hawakufunga mlango kabisa kwa kemikali nyingine. Vitamini E asetati ndiyo iliyoshikwa na ushahidi mzito, hawakusema iko peke yake. Ila mwezi Januari 2020 waliondoa ule ushauri wao wa awali wa kuwataka watu wafikirie kuacha vepu zote, wakabaki kukazia za THC, hasa zile za mtaani. Hiyo nayo haikupata kichwa kikubwa cha habari.

Kabla hamjaanza kuniandikia matusi: mimi sivuti chochote, na hakuna kampuni iliyoninunulia hata soda. Sisemi vepu ni maji ya dafu. Nikotini ni mtego, na aliyeanza nayo akiwa kidato cha pili ana kazi kubwa mbele yake. Wenzetu wa ng'ambo ya Mutukula walizipiga marufuku kwenye sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015, miaka minne kabla ya haya mambo ya Wisconsin, na wana hoja zao. Ukitaka kuzipinga, zipinge kwa hoja hizo. Usizipinge kwa maiti za watu waliokufa kwa kitu kingine.

Maana haya mambo yana gharama, na gharama nimeiona nyumbani kwetu Nshambya.

Baba mdogo amevuta fegi tangu kabla sijazaliwa. Paketi kwa siku, na zaidi akiwa msibani. Mwanae anayefanya biashara Kariakoo alimpelekea vepu ya nikotini mwaka jana, akamfundisha kuichaji, na mzee, tulidhani ataitupa kwenye kibanja ndani ya wiki, akaipenda! Karibu miezi mitano hakugusa fegi. Mama mdogo alituambia shuka zimeacha kunuka. Kikohozi chake kilibaki, lakini tukasema kifua cha miaka 30 hakisafishiki kwa siku mbili.

Kisha picha ya 68 ikaingia kwenye kundi la familia, Jumapili baada ya misa. Mama mkubwa akarekodi sauti, analia kabisa: "Waitu, mnataka kumzika huyu mtu?" Wazee wakaitana. Shangazi akakumbusha kwamba anakohoa. Kila mtu akapiga hesabu yake, kikohozi jumlisha vepu, wakapata 69. Ile vepu ikatupwa chooni, choo cha shimo, shimo la futi 30, hairudi. Hakuna aliyemuuliza mzee. Jumanne mdogo wangu kampita dukani ananunua fegi mbili za rejareja, Ijumaa kanunua paketi.

Na hakuna hata mmoja kwenye lile kundi aliyelia. Fegi tumeizoea. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka, ila kifo cha fegi hakina picha ya kutisha ya kutumiana Jumapili. Moshi wa kuni majikoni nao, shirika hilohilo lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Mama zetu wote Kagera wamepikia ndizi kwenye moshi huo. Nani kawahi kuutupa chooni?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Bukoba ndio tungepaswa kuwa wagumu wa kudanganywa na habari za ugonjwa. Mmesahau Machi 2023? Watu walikufa vijiji vya Bulinda na Butayaibega, kata za Maruku na Kanyangereko, si mbali na kwetu. Tarehe 16 serikali ikatangaza kwamba kuna wagonjwa saba, watano wamefariki, ugonjwa haujajulikana, sampuli zimechukuliwa. Kwa siku tano zile nilisikia kwa simu kutoka nyumbani sababu nne: uchawi, sumu, samaki, na laana ya kiwanja. Kila aliyenipigia alikuwa na uhakika. Tarehe 21 waziri Ummy Mwalimu akatangaza majibu ya maabara: Marburg, kirusi ambacho hakikuwahi kuthibitishwa nchini kwetu. Ikaisha tarehe 2 Juni, wagonjwa 9, vifo 6. Fikiria tungeshika sababu ya kwanza. Tungekuwa tunamfukuza bibi kizee fulani kijijini huku tunaosha maiti kwa mikono mitupu.

Mwaka kabla ya hapo, Lindi, watu walikuwa wanatokwa damu puani na kuanguka. Mwezi Julai 2022 majibu yakatoka kwamba ni homa ya mgunda, wagonjwa 20, watatu wamefariki. Na huko nako maelezo ya mtaani yalitangulia maabara.

Kwenye zote mbili wizara ilifanya jambo ambalo waandishi wa 2019 liliwashinda wengi wao. Ilisema bado hatujui. Maneno mawili tu! Najua hayauzi gazeti. Lakini "sigara za umeme zaua" ilimfikia mvuta fegi aliyekuwa anajaribu kuacha, ikamrudisha kwenye fegi, na ilimpita kijana mwenye katriji ya bhangi mfukoni, maana alisoma akasema "mimi situmii nikotini, hainihusu". Yule hasa aliyetakiwa kuonywa ndiye aliyepitwa.

Nimewatumia kundini haya yote kwa sauti, dakika 11, kwa heshima zote na shikamoo za kutosha. Mama mkubwa amejibu kwa kidole gumba. Sijui amesikiliza.

Ila kuna kitu nimefanikiwa. Yule mzee anakohoa mwezi wa pili sasa, na kwa kuwa familia ilishapata mchawi wake, hakuna aliyewaza kumpeleka hospitali. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili unatakiwa upimwe kifua kikuu, na kwenye vituo vya serikali kipimo ni bure na dawa ni bure. Nimembana binamu yangu, Alhamisi anampeleka kutoa makohozi. Mzee amekubali kwa sharti moja, kwamba wasimwambie mama mkubwa.

Haya, desa linaningoja. Ijumaa tuna tesiti ya mwisho, saa mbili asubuhi, na mchana naipigia simu Nshambya.