Mvumo Uliotufunza Kunyamaza



Nyumba yetu ya Umoja, hapa Nairobi, haijui kimya. Alfajiri huadhiniwa, na kabla hatujakunja miswala makanga wamekwisha kuita abiria. Mchana vyuma hugongwa, jioni jirani hufungulia redio mtaa mzima usikie. Sisi tuliotoka Mombasa tumekwisha kuzoea.

Kilichotutisha ni kimya cha binti yetu. Tangu nyanya yake alipofariki mwezi wa Rajabu, msichana huyu aliyekuwa hakaukiwi maneno alisali Ishaa, akajifungia chumbani na vidude vya kusikilizia masikioni, na chakula akikigusa tu. Tulidhani ni zile nyimbo za matusi za kwenye matatu, tukaazimia kumnyang'anya simu. Mkubwa wetu akasema tusikilize kwanza.

Hapakuwa na ngoma, mwimbaji wala neno. Palikuwa na mvumo mrefu, mfano wa upepo upitao chini ya mlango, ukigeuka polepole hata hujui umegeuka lini. Na kwa mbali mchakacho wa mahali penye watu. Wifi yetu alidhani simu imeharibika.

Albamu hiyo yaitwa Peel, ya mwaka 2020, kazi ya Joseph Kamaru ajulikanaye kama KMRU. Kijana huyu alilelewa Kariobangi, majirani zetu, kabla ya kwao kuhamia Rongai. Babu yake ni yule Joseph Kamaru, mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na jina amelirithi kwake. Mjukuu huzunguka na kinasa sauti, akazichukua sauti za mahali, kisha akazinyoosha kwa kompyuta. Kipande cha mwisho chapita dakika 20. Tulistaajabu kwamba mtoto wa makelele haya haya ndiye aliyetengeneza utulivu ule.

Kuhusu hukumu ya muziki wanavyuoni wana kauli zao, nasi si watu wa kutoa fatwa. Kila nyumba na imuulize mwalimu wake. Sisi tulimwekea binti mpaka: isiingilie wakati wa sala, wala isichukue nafasi ya uradi. Na tuseme kweli, si vipande vyote vilivyotupendeza. Kimoja kilitutia usingizi.

Tulipomuuliza akipendeacho nini, alijibu akiangalia sakafu. Mvumo ule, alisema, wamkumbusha feni ya chumbani kwa nyanya, Kibokoni, usiku bibi akivuta tasbihi naye amelala miguuni pake. Akaongeza: "Tena huu hauniambii nisubiri."

Maneno hayo yalituchoma. Matangani kila aliyeingia alimwambia asubiri, asilie, nyanya amepumzika. Na waliokuwa mbele katika kusema hivyo ni sisi. Twajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi kwa kifo cha mwanawe Ibrahim. Tulilijua hilo, na bado mtoto tulimfunga kinywa.

Usiku ule tuliketi naye kitandani, wanawake watatu na simu moja, kikapigwa kile kipande kirefu. Katikati alianza kulia, kilio cha sauti kilichokuwa kimengoja tangu Rajabu. Hatukumwambia kitu. Kilipokwisha, honi za Barabara ya Outer Ring zilirudi dirishani, naye akaomba chai ya tangawizi.