Ghuna, Toni na Biti 52: Redio ya Ridhaa Inavyotuhusu

Mtu akitaja Linux katika kitivo chetu, wengi hudhani ni habari ya wenzetu wa politekniki. Sisi tunabaki na fonolojia, fasihi na tafsiri. Mimi naona kwamba kuna kona moja ya Linux ambayo ni shamba letu kabisa, nayo ni redio ya ridhaa.

Redio ya ridhaa ni ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda, wenye leseni, bila kulipwa. Vyombo vyao havitofautiani sana na foni ambayo wazazi wetu waliijua katika misheni na maduka. Kwa miaka mingi kanuni za kimataifa ziliwataka watu hao, wakiongea na wenzao wa nchi nyingine, watumie lugha ya wazi. Mkutano wa ITU wa mwaka 2003 ulibadili maneno ya kanuni lakini ukaacha kiini chake: ujumbe usisimbwe kwa nia ya kuficha maana.

Sasa sauti nyingi hurushwa kama tarakimu. Mfumo wa D-STAR, uliotoka Japani, ulitumia njia ya kusimba sauti iitwayo AMBE, mali ya kampuni ya Marekani, iliyolindwa kwa hataza na kuuzwa kwa kawaida ndani ya chipu. Maneno yalikuwa ya wazi, ila njia yenyewe, kutoka kinywani hadi kwenye namba, ilifungwa. Ungeweza kuinunua; kuisoma, hapana. Bruce Perens, mwanaredio wa ridhaa ambaye pia aliandika maelezo rasmi ya nini kiitwe programu huria, alihimiza itafutwe njia nyingine. David Rowe wa Australia, ambaye tasnifu yake ya udaktari ilihusu usimbaji wa sauti, aliiandika. Inaitwa Codec 2, na programu ya FreeDV huitumia kupeleka sauti kwenye masafa mafupi.

Sina leseni wala antena. Lakini Codec 2 haihitaji redio ili uijue. Kwenye kompyuta yenye Debian unaisakinisha kwa amri moja, unaipa rekodi, inakurudishia sauti kama ambavyo ingesikika upande wa pili. Na msimbo wake unasomeka. Niliufungua nikitarajia hesabu tupu, nikakutana na somo la fonetiki la mwaka wa kwanza.

Simu ya kawaida ya tarakimu hutumia biti 64,000 kwa sekunde. Codec 2 ina hali ya kutumia 1,300 tu. Kila milisekunde 40 za usemi hupewa biti 52, na biti hizo zimegawanywa hivi: 4 zinasema kama sauti ni ghuna au si ghuna, moja kwa kila milisekunde 10, 7 ni za kidatu, 5 ni za nguvu ya sauti, 36 zilizobaki zinaeleza umbo la njia ya sauti, yaani namna koo, ulimi na midomo vilivyokaa. Tofauti ya *b* na *p*, ambayo mwalimu hutufundisha kwa kushika koo, humo ndani ni sifuri au moja.

Hapo swali letu linaanza. Lugha nyingi za nchi hii zina toni. Katika Kilingala, *moto* ni mtu na *motó* ni kichwa, na kinachotenganisha ni kidatu peke yake. Biti 7 zinatoa ngazi 128 za kidatu, mara 25 kwa sekunde. Je, zinatosha? Nilirekodi maneno hayo mawili, nikayapitisha, kisha nikayalinganisha katika Praat, programu nyingine huria tunayoijua wote. Mstari wa *motó* ulipanda mwishoni kabla na baada. Toni ilivuka salama.

Mambo yalikuwa magumu zaidi kwa *futa* na *suta*. Codec 2 hupokea sauti isiyozidi hezi 4,000, na sehemu kubwa ya nguvu ya *s* iko juu ya hapo. Neno likiwa peke yake, sikio linayumba. *Thamani* na *samani* ndiyo kabisa, ingawa kwa wengi wetu huku mashariki mpaka huo ulikuwa mwembamba hata kabla ya mashine.

Wanaredio wameujua ugonjwa huu tangu zamani, ndiyo maana wanasema Foxtrot kwa F na Sierra kwa S. Alfabeti hiyo iliandaliwa kwa ajili ya usafiri wa ndege kwa msaada wa Jean-Paul Vinay, mwanaisimu wa Montréal. Ndiyo, ni Vinay yuleyule tunayemsoma pamoja na Darbelnet katika somo la tafsiri. Alitafuta maneno yenye sauti zinazofahamika kwa wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Lugha zetu hazikuwa mezani.

Jambo hilohilo linaweza kujirudia kimyakimya. Katika hali ya biti 700, Codec 2 hufananisha sauti yako na orodha ya maumbo yaliyochotwa katika rekodi za watu. Lililo karibu zaidi ndilo linalotumwa. Orodha ni kamusi, na kila kamusi ina watu waliosikilizwa na wasiosikilizwa. Tofauti ni kwamba kamusi iliyofungwa hukuacha ulalamike tu, na hii iliyo wazi unaweza kuipima, kuonyesha inapokosea, na kutengeneza orodha nyingine.

Kazi hiyo mhandisi hawezi kuifanya peke yake, kwa sababu lazima kwanza mtu ajue *moto* na *motó* ni maneno mawili. Kompyuta mbili za kitivo, Praat, na jozi hamsini za maneno ya Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Mashi zinatosha kwa mradi wa mwisho wa masomo. Mimi nimeanza na jozi tatu. Nani ataleta za kwao?