"Put off" ina mkia wake

Leo tuongelee "put off". "Put" ni weka, lakini usijumlishe maneno ukadhani umepata maana. "Put off the light" ni zima taa. Harufu ya maharage ya kafteria iki-"put you off", imekutoa hamu. Kikao kikiwa "put off", kimeahirishwa.

Hapo kwenye kuahirisha ndo patamu. Mshikaji wangu wa rumu alisoma ubaoni kuwa testi imekuwa "put off", akajua imefutwa, huyooo Morogoro! Ingefutwa wangeandika "called off". Testi ikapigwa Jumatatu, yeye hayupo. Sasa anazunguka ofisini kuomba testi maalumu. Akikosa, sapu inamsubiri na bumu liko mashakani.

Jamani, kitenzi kikiwa na mkia, kisomeni na mkia wake.