Chupa Zisizoonekana

Kabla ya kutengeneza kaunta za zege za jikoni nilikuwa fundi wa terazo, yaani zege la vijiwe linalosuguliwa hadi ling'ae. Nilifundishwa Dar es Salaam na mzee mmoja asiyependa maneno: ukimwuliza swali, anakupa jiwe la kusugulia. Tulitengeneza ngazi za shule, sakafu za zahanati na masinki ya kufulia. Vigae vya kutoka nje vilipojaa madukani terazo ikadorora, nami nikaingia majikoni. Kaunta za zege zilikwisha kuvuma Marekani, hasa baada ya mbunifu wa California, Fu-Tung Cheng, kutoa kitabu chake kuhusu kaunta hizo mwaka 2002. Wateja wangu walikuwa wakiziona kwenye simu, wakazitaka kwa bei iliyo chini ya graniti.

Halafu wakaanza kuja wenye kutaka kaunta "rafiki wa mazingira". Karibu wote walikuwa na maana moja: nivunje chupa, nichanganye vipande, nisugue mpaka kijani na kahawia ving'ae juu. Nilikubali, maana ugali hupatikana kwa kumsikiliza mteja. Lakini hesabu ilikuwa inanisumbua. Kipande cha chupa kinachukua nafasi ya kokoto, na kokoto si mkosaji mkubwa. Mkosaji ni saruji. Ili kuipata, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka humo inatoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye moto. Hata ukipata moto usiotoa hewa hiyo, bado itatoka. Viwanda vya saruji duniani vinabeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Tena vipande vya chupa vikikaa kwenye zege lenye unyevu huweza kuvimba na kulipasua.

Chupa hiyohiyo ikisagwa ikawa laini kama sembe, mambo yanageuka. Inashikana na chokaa iliyobaki ndani ya zege na kufanya kazi ya saruji, na ule uvimbe unapungua. Kusaga ndiko kulikonitoa jasho. Mashine za unga hazifai, kioo kinakula mawe yake. Nilichongesha bolmili ndogo, ya aina wanayosagia wachimbaji wadogo wa dhahabu: pipa la chuma linalozunguka na mipira ya chuma ndani, kelele yake majirani hawajaisahau. Unga nilikuwa naupima kwa vidole. Ukihisi chembe, unarudi kwenye pipa.

Majivu ya pumba za mpunga nayo ni mazuri, ila si yale ya kuchota kwenye tanuri la matofali. Moto ukizidi nyuzi 700 hivi, madini yake yanaganda na kukataa kushirikiana na chokaa. Nilichoma pumba polepole kwenye pipa lenye matundu. Majivu hayo yanakunywa maji kupita kiasi, na fundi mvivu atakimbilia kuongeza ndoo. Asiongeze, atumie dawa ya kulainisha zege, maji yabaki pale pale.

Hata hivyo, mbali na hayo yote kuna unene. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60, ikimwagwa kwa sentimita 5 na wavu wa chuma, ina uzito wa kilo 216 na kwa mchanganyiko wangu inakula kilo 36 za saruji. Ikiwa ya sentimita 2.5 yenye nyuzi badala ya wavu, mchanganyiko unahitaji saruji nyingi zaidi kwa ujazo, lakini jumla inashuka mpaka kilo 27. Theluthi moja ya hizo ukiibadilisha kwa unga wa chupa au majivu, unabaki na kilo 18. Nusu ya saruji imeondoka, na mtu aliyeshika kikombe chake cha chai juu ya kaunta hajui lolote.

Kwa nyuzi hizo, watu walinisihi nitumie katani ya Tanga. Naipenda katani, lakini ukali wa saruji unaitafuna taratibu. Kaunta ya kung'olewa na kutupwa mapema haijaokoa kitu, kwa hiyo nilinunua nyuzi za kioo zinazovumilia ukali huo.

Mama mmoja wa Mbezi aliizunguka kaunta yake mpya, akapitisha kiganja.

"Fundi, chupa zangu ziko wapi?"

"Zimo, mama. Zimesagwa."

"Sasa wageni watajuaje?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikakamua ndimu juu ya kipande cha sampuli ambacho hakijapakwa kitu. Povu dogo likatoka, na tulipofuta pakabaki doa jeupe. Nikamwambia kaunta yake imepakwa kinga, lakini ndimu na ukwaju afute mara moja. Hilo lilimshughulisha kuliko mazingira.

Tena zege lililopunguziwa saruji namna hii linakomaa polepole. Siku 28 chini ya magunia yenye maji ndicho kipimo changu cha chini, na ndipo wateja wengi nilipowapoteza.

Basi ukiagiza kaunta ya zege, usianze na rangi. Muulize fundi unene wa kaunta, saruji ameipunguza kwa kitu gani, na zege litamwagiliwa siku ngapi. Akikuahidi kulifunga wiki ijayo, tafuta mwingine.